Sura ya 4: Karatasi ya Marekani Mbagala Rangi Tatu

Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, steshenari za Mbagala Rangi Tatu hujaa vijana waliomaliza kidato cha sita, kila mmoja na bahasha ya kaki kwapani. Fomu ya Bodi ya Mikopo hujazwa mtandaoni lakini haiishii huko: inaprintiwa, inasainiwa na mwombaji na mdhamini, inakwenda kugongwa muhuri serikali ya mtaa na kwa kamishna wa viapo, kisha inaskaniwa na kupandishwa tena kwenye mfumo. Katikati ya mzunguko huo kuna barua za kuchapa, na hapo ndipo printa inapogoma. Kwenye kioo chake chembamba yanatokea maneno LOAD LETTER, taa ya njano inawaka, foleni inasimama.

"Dada, kwani karatasi zimeisha?"

"Zipo kaka, subiri kidogo. Hii mashine ndivyo ilivyo."

Dada wa steshenari anabonyeza kitufe cha kuendelea. Barua inatoka, lakini mahali pa sahihi pameruka hadi ukurasa wa pili. Anarudi kwenye kompyuta, anabonyeza Ctrl na P, anatafuta A4 kwenye orodha, anaprinti upya. Karatasi zilizoharibika zinageuka daftari la mahesabu ya siku. Mteja anayefuata, hadithi ni ileile. Ukimuuliza kwa nini asilimalize jambo hilo moja kwa moja, atakujibu kwamba kila kompyuta ina tabia yake.

Tabia hiyo ina mwenyewe, na hakai Mbagala. Printa inaomba karatasi iitwayo Letter, yenye upana wa milimita 216 na urefu wa milimita 279, ambayo makao yake makuu ni Marekani na Kanada. Sehemu kubwa ya dunia iliyobaki hutumia A4, milimita 210 kwa 297, kipimo kilichoanzia Ujerumani mwaka 1922 na kufanywa cha kimataifa mwaka 1975. Letter ni fupi kuliko A4 kwa karibu milimita 18, yaani mistari mitatu au minne ya maandishi. Mistari hiyo ndiyo inayosukumwa ukurasa wa pili pamoja na sahihi ya mdhamini. Kompyuta inaomba karatasi ambayo hakuna duka la jirani linaloiuza kwa sababu siku ilipowekewa Windows, fundi alibofya Next, Next, Next, na jibu lililokuwa limeshajazwa kwenye kisanduku cha nchi lilikuwa United States.

Jibu hilo lililokuwa limeshajazwa ndilo habari ya sura hii. Vitabu huliita chaguo-msingi: thamani ambayo programu huitumia pale ambapo hakuna aliyeiambia vinginevyo. Ukubwa wa karatasi, aina ya herufi, lugha ya kusahihisha tahajia, mpangilio wa tarehe, programu inayofungua faili la PDF, folda ya kuhifadhia. Kila kimoja kilichaguliwa na mtu kabla kompyuta haijafika kwako. Na karibu kila kimoja kinabadilishika kwa kipanya, kwenye dirisha, bila kuandika amri hata moja. Kinachokosekana si ufundi. Ni kujua kwamba kuna cha kubadilisha.

Tusijione peke yetu katika hili. Jared Spool, mtafiti wa Marekani wa namna watu wanavyotumia programu, aliwahi kuwaomba watumiaji wa Microsoft Word wampe faili linalotunza mipangilio yao. Waliokuwa wamebadilisha chochote hawakufika asilimia 5. Wakati huo kazi ya Word ya kujihifadhi yenyewe kila baada ya dakika kadhaa ilikuwa imezimwa tangu kiwandani. Watu walipoulizwa kwa nini hawakuiwasha, walisema Microsoft lazima walikuwa na sababu ya kuizima. Spool alipofuatilia kwa waandishi wa programu yenyewe, aliambiwa sababu: aliyeandaa faili la mipangilio alijaza sifuri kila mahali ili amalize kazi haraka. Sifuri maana yake ni zima. Watu walipoteza kazi zao umeme ulipokatika kwa kuheshimu uamuzi ambao hakuna aliyeufanya.

Wenye fedha wanaijua vizuri thamani ya kitu hiki. Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google, ambayo Jaji Amit Mehta aliitolea hukumu Agosti 2024, ilibainika kwamba mwaka 2022 pekee Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili injini yake ya kutafutia iwe ndiyo inayokutwa tayari kwenye simu na kompyuta za Apple. Mtumiaji alikuwa huru kubadilisha kwa kugusa mara mbili tatu. Google ililipa kwa sababu inajua hatagusa.

Sasa twende ndani ya kompyuta, maana ukielewa mpango wake hutahitaji kukariri njia za menyu, ambazo hubadilika kila toleo. Programu inapotaka kujua, kwa mfano, itumie karatasi gani, huuliza kwa ngazi. Kwanza huangalia kama mtumiaji huyu, kwa akaunti yake, ameweka chaguo lake. Asipokuwa nalo, huangalia kama msimamizi wa mashine ameweka chaguo la watumiaji wote. Ikikosa na hapo, huchukua lile la kiwandani. Ngazi ni tatu, na ya kwanza kujibu ndiyo inayoshinda. Malalamiko mengi ya "nilishabadilisha lakini limerudi" yanatokana na mtu kubadilisha ngazi isiyo yake: amerekebisha waraka mmoja badala ya programu, au akaunti yake badala ya mashine nzima.

Printa ya Rangi Tatu inaonyesha jambo hili waziwazi. Ukiifungua kwenye Windows utakuta sehemu mbili zinazofanana kama mapacha. Moja imeandikwa Printing Preferences; ukichagua A4 hapo umechagua kwa ajili ya akaunti yako tu. Nyingine imefichwa ndani ya Printer Properties, kwenye kichupo cha Advanced, na kitufe chake kinaitwa Printing Defaults. Hiyo ndiyo ya mashine nzima, na akaunti itakayofunguliwa kesho kwa ajili ya kijana mpya wa zamu ya jioni itairithi. Dada wa steshenari amekuwa akichagua A4 kwenye dirisha la tatu, lile la kuprinti waraka mmoja, ambalo husahau kila kitu waraka ukifungwa.

Nchi ya kompyuta nayo ina dirisha lake, Region, ndani ya Control Panel. Wengi wanaofika hapo hubadilisha saa wakaondoka. Orodha ya miundo iliyopo humo ina Kiswahili cha Tanzania, na kwenye matoleo ya karibuni ina pia Kiingereza cha Tanzania, kwa anayetaka tarehe za nyumbani bila kubadili lugha ya kazi. Lakini chagua kwa macho. Kiswahili cha Kongo kipo jirani kwenye orodha, na hicho hutenganisha maelfu kwa nukta na senti kwa mkato. Ukikichagua kwa haraka, Excel haitakusomea tena namba zako kama ulivyozoea kuziandika.

Tarehe ndizo zinazoumiza zaidi, na huumiza kimyakimya. Mchukue mweka hazina wa VICOBA wa Tandika anayetunza michango kwenye Excel, kompyuta ikiwa bado inaamini iko Marekani. Anaandika 12/02/2024, akimaanisha tarehe 12 Februari. Kompyuta inasoma Desemba 2, inaridhika, inaisogeza tarehe upande wa kulia wa kisanduku. Siku inayofuata anaandika 13/02/2024. Mwezi wa 13 haupo, kwa hiyo kompyuta inaikataa kama tarehe, inaihesabu kuwa maneno matupu na kuiacha upande wa kushoto. Safu moja, tarehe nyingine kushoto, nyingine kulia. Watu wengi huona kasoro hiyo ni ya urembo, wanazipanga zote katikati, na hapo ushahidi wenyewe umefutwa. Mwisho wa mzunguko, mweka hazina akipanga orodha kwa tarehe ili aone nani alichelewa kurejesha, mkopo wa Februari unaonekana umechukuliwa Desemba. Vikao vimevunjika kwa mambo madogo kuliko hayo.

Ukifungua faili la namna hiyo, usianze kurekebisha tarehe moja moja. Rekebisha Region kwanza. Kisha nenda kichupo cha Administrative, ubofye kitufe cha Copy settings, na uweke tiki kwenye visanduku viwili vya chini, ili mipangilio hiyo ifuatwe na skrini ya kuingilia na kila akaunti mpya. Nakitaja kitufe hiki kwa makusudi. Kipo Windows kwa miaka mingi, ni cha kubofya tu, na kinafanya kile ambacho mafundi wengi huamini lazima ufanye kwa kuandika amri. Tarehe zilizokwisha kugeuzwa hazitajirudi zenyewe, itabidi uziandike upya, lakini uharibifu unakuwa umekoma.

Kwenye Word, dawa imekaa mbele ya macho ya kila mtu. Fungua dirisha la herufi, utaona chini kushoto kitufe kimeandikwa Set As Default. Kipo pia kwenye dirisha la aya, kwenye Page Setup, na kwenye lile la kuchagua lugha ya kusahihishia. Ukikibonyeza kwenye dirisha la herufi, Word hukuuliza swali moja: iwe kwa waraka huu tu, au kwa nyaraka zote zitakazotokana na kiolezo cha Normal? Jibu la pili ndilo linaloandika kwenye faili liitwalo Normal.dotm, ambalo kila waraka mtupu huzaliwa nalo. Tangu mwaka 2007 waraka huo ulizaliwa na Calibri 11, na sasa matoleo mapya yamehamia Aptos. Vyuo vyetu vingi, kwa upande wao, bado vinataka Times New Roman 12. Pale Chang'ombe, jirani na chuo cha ualimu cha DUCE, kazi ya kubadilisha Calibri kuwa Times ni sehemu ya ajira ya mtu. Mwanafunzi analeta utafiti kwenye flashi, anafunguliwa, anachaguliwa yote, anabadilishiwa herufi, nafasi za mistari, karatasi. Anatozwa. Sina ugomvi na riziki ya mtu, ila kwa kompyuta ya dukani, inayoanzisha nyaraka mpya asubuhi hadi jioni, kutobonyeza kitufe hicho ni kujitesa.

Halafu kuna kusahihishwa kwa Kiingereza. Word isiyojua kwamba unaandika Kiswahili hupiga mstari mwekundu chini ya kila neno, na mtu akizoea ukurasa mwekundu wote, hata kosa la kweli halioni tena. Lakini mstari mwekundu angalau unaonekana. Kibaya zaidi ni kile inachokifanya bila kusema. Word huamini kwamba baada ya nukta sentensi mpya imeanza, hivyo hukuza herufi inayofuata. Ina orodha ya vifupisho ambavyo nukta yake haimalizi sentensi, lakini orodha hiyo imejazwa vya Kiingereza. Andika "Na. ya simu" kwenye barua, nayo itageuka "Na. Ya simu". Andika "Mh. mwenyekiti", utapata "Mh. Mwenyekiti". Barua za serikali za mitaa, matangazo ya misiba, mialiko ya harusi, zote zina alama hiyo, na baadhi yetu tumeanza kuamini kwamba ndiyo kanuni ya uandishi. Fungua Options, kisha Proofing, AutoCorrect Options, na kitufe cha Exceptions. Humo ongeza Na., Mh., Bw., Bi., Uk. na vingine unavyotumia. Kazi ya dakika chache, na unaifanya mara moja.

LibreOffice, ambayo hailipiwi, ina utaratibu huohuo chini ya Tools, na ina jambo moja ninalolipenda: orodha yake ya vifupisho hutunzwa kwa kila lugha, kwa hiyo ukiongeza "Na." kwenye Kiswahili huvurugi Kiingereza. Kikagua tahajia chake cha Kiswahili nacho kina historia ya nyumbani, kwani msamiati wake ulikusanywa na Jason Githeko wa Kenya.

Historia hiyo inatuleta Mlimani. Mwaka 2004, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza mradi ulioitwa Kilinux, kwa kushirikiana na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46. Kufikia mwisho wa mwaka huo walikuwa wametoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, ya bure na yenye msimbo wazi. Nayo Microsoft ikaja na tafsiri ya Windows na Office katika miaka iliyofuata. Magazeti yalifurahia, na haki yao. Maneno kama faili, hariri, hifadhi na chapisha yaliingia kwenye skrini.

Lakini maoni yangu ni kwamba tuliipa tafsiri ya menyu kazi isiyoiweza. Mtanzania aliyesoma hadi kidato cha nne hashindwi na neno Print. Analijua tangu siku ya kwanza dukani. Anachoshindwa nacho ni karatasi ya Letter, tarehe ya kinyume na herufi kubwa baada ya "Na.", na hayo yanaweza kukutwa nyuma ya menyu za lugha yoyote. Kompyuta yenye menyu za Kiingereza iliyowekewa machaguo ya Tanzania ina faida kwa mtaa kuliko yenye menyu za Kiswahili inayoamini iko Seattle. Faida kubwa ya kazi ile, ambayo haikuandikwa sana magazetini, ilikuwa ni Watanzania kuifungua programu ndani na kujionea kwamba machaguo yake ni maandishi tu, yameandikwa na watu, na yanafutika.

Ulimwengu wa Linux ndiko chombo cha kuhariri machaguo hayo kwa macho kilikofikia upeo wake. Mazingira ya kazi ya GNOME yalikuwa na programu iliyoitwa GConf Editor. Upande wa kushoto ilikuwa na mti wa folda, kila programu na tawi lake. Ukibofya tawi, kulia zilitokea funguo: jina, thamani, na chini yake maelezo ya sentensi moja au mbili ya kazi ya kila ufunguo. Mengi ya mambo yaliyokuwa humo hayakuwa kwenye menyu yoyote. Na ukibofya ufunguo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ulipewa uwezo wa aina mbili: kuifanya thamani hiyo iwe chaguo-msingi la watumiaji wote, wenye ruhusa ya kuibadilisha wakitaka, au kuifanya ya lazima, isiyobadilishwa na mtumiaji wa kawaida. Zile ngazi tatu nilizozieleza zilionekana hapo kwa macho. Mwalimu wa maabara ya kompyuta angeweza kuzuia kuhifadhi kwenye diski, kuzuia kuprinti, au kufunga dirisha la amri, bila kuandika amri yenyewe.

GNOME 3 ilipotoka mwaka 2011, GConf ikauachia njia mfumo mpya uitwao dconf, na mhariri wake ni dconf Editor. Ni mzuri zaidi kwa macho. Ufunguo uliobadilishwa unaonyeshwa kwa maandishi yaliyokolezwa, thamani ya kiwandani imeandikwa pembeni, na kuna swichi ya kuirudisha. Ukiifungua mara ya kwanza inakuonya kwamba baadhi ya mabadiliko yanaweza kuharibu programu, na haikuruhusu kuendelea mpaka ubonyeze kitufe cha kuahidi kwamba utakuwa mwangalifu. Hata hivyo, ule uwezo wa kuweka chaguo la mashine nzima kwa kubofya umepotea. Sasa msimamizi lazima aandike faili kwa mkono kwenye folda ya mfumo, aongeze kufuli zake, kisha aendeshe amri ya kusasisha. Waliofanya hivyo waliifikiria kampuni yenye kompyuta elfu na idara ya TEHAMA. Mwenye mashine sita Tandale hawakumfikiria, na naona walikosea.

Windows inayo mhariri wa Registry, regedit, yenye mti unaofanana na huo, tawi moja la mtumiaji na jingine la mashine. Tofauti ni kwamba haina maelezo. Unakuta jina la Kiingereza lililobanwa na namba 0 au 1, ukisie mwenyewe. Simshauri mwenye duka aingie humo. Group Policy Editor ni bora: kila sera ina maelezo marefu na majibu matatu ya kuchagua. Ila haiji na Windows za Home, ambazo ndizo zinazokuja na laptopu nyingi za bei nafuu.

Kuna ushahidi mmoja wa nguvu ya jibu lililojazwa tayari, ambao kila aliyeshika kompyuta Dar es Salaam miaka ya 2008 hadi 2012 anaukumbuka, hata kama hakujua alikuwa anaangalia chaguo-msingi. Virusi vya flashi. Ulichomeka flashi, dirisha lake likajifungua lenyewe, na kubofya kidogo tu kulitosha kuingiza kirusi. Windows XP ilikuwa imepangwa kiwandani kutii maagizo yaliyo ndani ya chochote kilichochomekwa. Intaneti kafe za Mwananyamala na Temeke zikawa vituo vya kugawana virusi, na mafundi wakawa wanauza antivirusi kama maji ya kunywa. Kirusi maarufu cha Conficker, kilichojitokeza mwishoni mwa 2008, kilipita pia katika mlango huo. Windows 7 ya mwaka 2009 ilikuja na jibu limegeuzwa, na Februari 2011 Microsoft ikausambaza uamuzi huohuo kwa XP na Vista. Mlango ukafungwa. Watu hawakuelimishwa, hakuna semina iliyofanyika. Jibu moja lililojazwa tayari liligeuka.

Mlango wa pili uko wazi hadi leo. Windows bado huficha mkia wa jina la faili, ule unaosema kama ni .docx, .pdf au .exe. Mteja anakuletea kitu kiitwacho "CV" chenye picha ya Word, nawe unabofya mara mbili. Kumbe ni programu iliyojivika nguo za waraka. Fungua File Explorer, nenda View, weka tiki kwenye File name extensions. Katika mambo yote ya sura hii, kama utafanya moja tu, fanya hili.

Kuhusu kufunga mipangilio kwa kufuli, niwe mkweli kwamba sipendi kufuli nyingi. Nimeona maabara za shule ambamo mwanafunzi hawezi kubadilisha hata picha ya skrini, na mwalimu hakumbuki nani alifunga wala kwa nini. Mtu anayenyimwa kugusa mipangilio hukua akiamini kwamba kompyuta ina mwenyewe mahali pengine. Funga kinacholeta hasara kwa wengine: kuweka programu mpya, kubadilisha printa, kusoma folda za wateja waliopita. Vilivyobaki viwekee chaguo zuri la kuanzia, kisha uache mtu achezee. Akiharibu, kitufe cha kurudisha kipo.

Msaada wa Microsoft kwa Windows 10 ulimalizika tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo steshenari nyingi ziko njiani kuhama, nyingine kwa mashine za mtumba zilizotoka Ulaya. Mashine za mtumba zina mambo yake. Iliyotoka Uingereza huweka alama ya @ mahali tofauti na ulipozoea, na iliyotoka Ujerumani hubadilishanisha Y na Z, ukaandika "nyumba yake" ikatoka "nzumba zake". Usinunue kibodi mpya kabla ya kuangalia mpangilio wa kibodi kwenye Settings, mara nyingi tatizo linaishia hapo. Na siku utakayoiwasha mashine hiyo kwa mara ya kwanza, usikimbilie kuweka programu. Anza na nchi, kisha tarehe, kisha Printing Defaults ya printa, halafu Normal ya Word, na mwisho mikia ya majina ya faili. Andika ulichobadilisha kwenye karatasi uibandike nyuma ya skrini, ili fundi atakayekuja baada yako ajue kilichofanywa.